Neema si mkopo: namna ya kuongoza somo la Wagalatia sebuleni kwako

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama hapa Charambe, Mbagala. Kila Alhamisi usiku watu wanane, wakati mwingine kumi, wanakuja sebuleni kwangu kusoma Biblia. Kazi hizo mbili nimezifanya pamoja kwa miaka mingi, na daftari la kikoba ndilo lililonionyesha tunapokosea kuhusu neema. Huku kwetu hakuna Mkristo anayeikataa. Muulize yeyote, atakujibu mara moja kwamba tumeokolewa kwa neema. Lakini tunaipokea kama mkopo. Siku ya kupewa tunashangilia, kesho yake tunaanza marejesho.

Najua kwa sababu nimelipa. Niliishi na baba watoto wangu miaka kadhaa bila ndoa, nikatengwa kanisani: meza ya Bwana sikaribii, kwaya siimbi. Tulipofunga ndoa nikaombewa mbele ya washarika, nikarudishwa kundini. Wiki hiyohiyo nikaanza kudeki kanisa kila Jumamosi. Hakuna aliyenituma. Nilideki miaka miwili, na siku nikiumwa namtafuta kijana, nampa elfu mbili anidekie, ili Jumamosi yangu isipite tupu. Bibi mmoja aliyekuwa akija kupanga maua madhabahuni alinitazama muda mrefu bila kusema kitu. Siku moja nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Hivi umebakiza wiki ngapi?" Nikamuuliza wiki za nini. Akasema, "Za deni. Maana unadeki kama mtu anayelipa."

Nilikaa chini kwenye benchi na ndoo yangu. Nilichojifunza baada ya siku ile ndicho ninachokupa hapa, kwa jioni nne. Ukihitaji tano, chukua tano.

Maandalizi ni machache. Watu wasizidi kumi, la sivyo wawili watasema na wengine watasikiliza. Muda uufuate mji wetu: aliyefunga duka Kariakoo na kukutana na foleni ya Barabara ya Kilwa hafiki kabla ya saa mbili kasoro, kwa hiyo anza saa mbili kamili na umalize saa tatu na nusu, watu wawahi usafiri. Wape chai ya rangi, basi. Ukianza kupika pilau, wiki ijayo mwenye uwezo mdogo ataona aibu kukaribisha, na utakuwa umeanza kufundisha matendo kabla hujafungua Biblia. Tumia Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi wanayo, na mtu mmoja awe na Habari Njema ya kulinganisha. Kuwa na taa ya kuchaji. Umeme ukikatika, endelea.

Jioni ya kwanza weka daftari mezani. Si lazima liwe la kikoba, hata la duka la mtaani linafaa, mradi lina jina, kiasi na safu ya marejesho. Mimi nafungua ukurasa usioandikwa, nawauliza: kikoba kinamkopesha nani? Wanajibu bila kufikiri: mwenye hisa, na hapewi zaidi ya mara tatu ya hisa zake, tena awe na wadhamini wawili. Akichelewa? Faini. Asiye na hisa hata moja? Hapati. Hapo soma Warumi 4:4, polepole: "kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Waache wakae na neno hilo, kuhesabiwa. Katika Kigiriki ni neno la watu wa hesabu, la kuingiza kitu kwenye akaunti ya mtu. Paulo anazungumza lugha ya mweka hazina. Mstari wa tano unasema anayehesabiwa haki ni asiyefanya kazi ila anamwamini yeye ampaye haki asiye haki, yaani asiye na hisa hata moja.

Halafu gawa vipande vya karatasi. Kila mmoja aandike kitu kimoja anachofanya kwa Mungu akihisi moyoni kwamba analipa. Mfungo, sadaka, usafi, kuacha wimbo aliokuwa anaupenda, chochote. Karatasi hizi zisisomwe kwa sauti hata kidogo. Mara ya kwanza niliruhusu zisomwe, kaka mmoja akasema mambo ya nyumbani kwake, na hakurudi tena. Kosa lilikuwa langu. Kila mtu aikunje yake na kuiweka ndani ya Biblia yake, kwenye Waefeso 2.

Ndipo msome hiyo Waefeso 2:8, na hapa Kiswahili chenyewe kitakusaidia kuliko maelezo yako yote. Sisi tumezoea kusema "nimeokoka". Tangu uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki yote, neno hilo limekuwa kama kitambulisho, hata mtu akaitwa mlokole. Silidharau, nami nalitumia. Lakini lisikilize vizuri. Kuokoka ni kama kuvunjika au kumwagika: halimtaji mtendaji. Basi likipinduka, abiria anayetoka mzima ameokoka, huenda kwa bahati, huenda kwa kuruka dirishani. Mstari unasema "mmeokolewa". Kuokolewa kunadai swali: na nani? Waambie wageuze ushuhuda wao mmoja mmoja, kutoka nimeokoka kwenda nimeokolewa na nani, kutoka wapi, ukiwa unafanya nini. Jioni nzima inaweza kuishia hapo. Iache iishie.

Neno neema nalo linataka dakika chache, kwa kuwa mtaani lina maana nyingine. Mvua ikinyesha vizuri tunasema ni mvua ya neema, na nyumba yenye vyakula ni nyumba ya neema. Matokeo yake, mtu anayefiwa na kudaiwa kodi kwa wakati mmoja anadhani neema imemwondokea. Mwambie wazi kwamba Paulo alipoambiwa "neema yangu yakutosha", 2 Wakorintho 12, mwiba aliouomba uondolewe ulibaki mwilini mwake.

Jioni ya pili ni ya kuusoma Waraka kwa Wagalatia wote, sura sita, kwa sauti, kwa kupokezana. Hauchukui nusu saa. Kabla ya kusoma eleza kwa kifupi tu: Galatia ilikuwa jimbo la Warumi katika nchi tunayoiita leo Uturuki, Paulo alihubiri huko, watu wasio Wayahudi wakaamini, baadaye wakaja walimu wengine wakasema imani ni nzuri lakini lazima mtahiriwe pia. Paulo aliandika kwa hasira, na hasira hiyo isikike msomaji anapofika 3:3: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Huo ndio mstari ninaoujenga juu yake somo zima. Angalia Paulo ameweka nini upande wa mwili: si ulevi wala uzinzi, bali tohara, sheria, juhudi za kidini za watu waliotaka kuwa wema. Kwa hiyo neema na matendo, Roho na mwili, si masomo mawili. Ni lile lile.

Wasipolishika, tumia kamba. Mimi nafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kwenye kitasa cha mlango, na nabana vikaratasi kwa vibanio. Kimoja nimeandika Mwanzo 15, kingine 16, kisha 17, 21 na 22. Kwenye 15, Abramu, ambaye baadaye aliitwa Ibrahimu, anamwamini Mungu naye anamhesabia jambo hili kuwa haki. Kwenye 16 anampata Ishmaeli kwa Hajiri, mjakazi wa mkewe Sarai, akiwa na miaka 86. Kwenye 17 anatahiriwa, ana miaka 99. Kwenye 21 Isaka anazaliwa, baba ana miaka 100. Kwenye 22 anampeleka Isaka mlimani kumtoa sadaka. Ninawaita wasogee waiguse kamba, halafu nauliza: alihesabiwa haki kwenye kibanio gani? Mara nyingi mtu wa kwanza anakimbilia 22, kwa sababu ndipo penye tendo kubwa. Mwambie arudi nyuma kidole kwa kidole. Mama mmoja muuza samaki wa Feri alirudi hadi 15, akakishika kile kibanio, akasema, "Kumbe alikuwa bado hajafanya kitu!" Hata tohara yenyewe ilikuja zaidi ya miaka kumi na tatu baadaye. Ndiyo hoja ya Paulo katika Warumi 4:10, na huyu mama aliiona kwenye kamba ya nguo.

Kibanio cha 16 kiguse kwa uangalifu. Paulo anasema katika Wagalatia 4:23 kwamba mwana wa mjakazi alizaliwa kwa mwili, maana yake Abramu na Sarai waliona ahadi inachelewa wakaisaidia kwa mikono yao. Waulize watu ahadi gani ya Mungu wameisaidia namna hiyo. Lakini Dar es Salaam hii, katika kila kikundi kuna mwenye mume, shemeji au jirani Mwislamu, na Ishmaeli ni jina la heshima kwao. Soma pia Mwanzo 17:20, Mungu alivyombariki Ishmaeli. Asiwepo mtu atakayetoka kwako na neno la kumchoma jirani.

Jioni ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo ninayokuomba usiiharakishe. Anza kwa swali: mwili ni nini? Watajipapasa mikono. Ndiyo shida yetu. Biblia yetu ya Union imetumia neno moja, mwili, mahali Kigiriki kina maneno mawili. Moja ni soma, mwili huu wa mifupa na damu, ambao 1 Wakorintho 6:19 inauita hekalu la Roho Mtakatifu. Jingine ni sarx, na ndilo lililoko Wagalatia 5. Hilo neno linaweza kumaanisha nyama ya kawaida tu, na Yohana 1:14 inalitumia kusema Neno alifanyika mwili. Lakini Paulo anapoliweka kinyume na Roho, anasema juu ya mtu mzima anayejitegemea mwenyewe, akiwa na akili yake, dini yake na tamaa zake, bila Mungu. Ukiliacha jambo hili, watu watarudi nyumbani wakiuchukia mwili ambao Mungu aliuumba. Nimewaona wakijikatalia dawa na usingizi, wakiita hiyo kiroho. Dada mmoja mwenye kisukari alitaka kufunga siku tatu kavu ili ausulubishe mwili. Tulimwambia mwili wa kusulubishwa siyo unaohitaji insulini.

Kisha mkabidhi mtu mwenye sauti asome 5:19 hadi 21, na wengine wahesabu kwa vidole. Ni matendo 15: uasherati, uchafu, ufisadi, ibada ya sanamu, uchawi, uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda, ulevi, ulafi. Kwenye neno ufisadi wote wataanza kuzungumzia wakubwa na fedha za umma. Waeleze kwamba katika Kiswahili cha Biblia hii ni uasherati usio na haya, wa kutojali nani anaona. Sasa wahesabu tena, kuanzia uadui mpaka husuda. Ni manane, zaidi ya nusu, na hakuna hata moja linalohitaji baa wala gesti. Yote yanafanyika kanisani, kwenye kwaya, kwenye kikoba, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sebule yangu hunyamaza hapo kila mara, na mimi nanyamaza pamoja nao, kwa kuwa mwaka mmoja kikoba chetu kilivunjika vipande viwili kwa fitina ya watu waliokuwa wanafungua kikao kwa maombi. Nilikuwemo.

Halafu linganisha: matendo ya mwili, tunda la Roho. Matendo ni mengi, tunda ni moja lenye ladha tisa: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Nyuma ya nyumba yangu kuna mwembe. Mwezi wa kumi na mbili nakata embe bichi na bivu nakuja nayo kwenye sahani. Bichi tunakula kwa chumvi na pilipili, tukiuliza: mti huu umejitahidi vipi? Haujitahidi, ila haujakatwa shina. Paulo anasema "enendeni kwa Roho", na kuenenda ni kutembea, hatua ya leo na ya kesho. Kwa hiyo usimwambie mtu "kuwa na upole" ukadhani umemfundisha. Mwulize hasira ile ya asubuhi ilipoanza, alikuwa anategemea nini, na wiki ijayo mwulize tena.

Mtu akikata tamaa jioni hii, na kuna atakayekata, mfungulie Warumi 7:19, lile jema nilipendalo silitendi. Wasomaji wa Biblia wamebishana kwa karne nyingi kama Paulo hapo anasimulia maisha yake kabla ya kuamini au baada. Usiuamue ubishi huo usiku. Hakikisha tu hamfungi Biblia kwenye sura ya saba. Vuka mpaka 8:1: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Nimemwona fundi bodaboda, mtu mzima, akiusoma mara nne mfululizo.

Jioni ya nne ataingia Yakobo na waraka wake, na kama hujamleta wewe, kuna mtu amemleta mfukoni. "Mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake; si kwa imani peke yake," 2:24. Usimkimbie. Hata Martin Luther, ambaye hoja zake dhidi ya vyeti vya msamaha za mwaka 1517 ziliitikisa Ulaya, alipata taabu na waraka huu, na mwaka 1522 aliufananisha na majani makavu. Nadhani alikosea. Rudi kwenye kamba. Paulo amesimama kwenye kibanio cha 15, anamjibu mtu anayeuliza nitakubaliwaje. Yakobo amesimama kwenye 22, anamjibu mtu anayesema naamini huku ndugu yake yuko uchi na njaa, anamwambia enenda zako kwa amani ukaote moto. Ibrahimu ni yuleyule, kamba ni ileile, na Yakobo mwenyewe anainukuu 15 katika mstari wa 23. Tendo la mlimani lilionyesha imani iliyokuwepo tangu zamani.

Kama kikundi chako kina Wakatoliki na Walutheri, kama changu, wape habari hii. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu, na kwamba Roho anatuita na kutuwezesha kutenda mema. Tofauti hazikuisha, lakini lile lililowatenga tangu siku za Luther walilisema kwa sauti moja. Ukienda kupanda boti ya Zanzibar, tazama kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu na la Kilutheri la Azania Front yalivyo karibu kwenye ufuko ule mmoja. Mama wa Kikatoliki katika kikundi chetu alipolisikia tamko hilo alisema angependa mama yake mzazi, aliyemkataza kuolewa na Mlutheri, angekuwa hai asikie.

Maswali mawili hayakosekani. La kwanza: kama ni bure, si tufanye dhambi tu? Jibu la Paulo ni neno moja, Warumi 6: Hasha! Ongeza kwamba aliyetolewa kisimani haulizi kama anaruhusiwa kurudi. La pili ni la sadaka: je, tusitoe? Toeni, lakini mtu akikwambia toleo lako litaondoa laana au kununua majibu, mwambie Petro alishamjibu Simoni wa Samaria, aliyetaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, Matendo 8:20.

Kabla ya kuagana, waambie wafungue Waefeso 2 na kutoa zile karatasi. Msome mstari wa kumi: tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Kila mtu aichane karatasi yake, halafu achague tendo moja la wiki kwa mtu asiyeweza kumrudishia, na asilisimulie hata kwenye kikundi. Sisi hatuulizi wiki inayofuata nani alifanya na nani hakufanya. Mweka hazina anapata shida kutouliza, lakini siulizi.

Usiku mmoja msichana wa chuo aliniuliza kama niliacha kudeki kanisa baada ya yule bibi kusema nami. Niliacha miezi mitatu. Kisha nikarudi, tukawa wanne kwa zamu, na huwa tunaimba. Jumamosi nikiumwa, natuma ujumbe kwamba naumwa, nalala.